Yuda alikufa mara ngapi?

Nilipokuwa kijana nilifundishwa kanuni moja kuhusu Biblia, na walionifundisha walikuwa wengi: wenzangu waliookoka shuleni, wahubiri wa mikutano ya injili, hata wahadhiri wa Kiislamu waliokuja Mbeya na spika zao. Kanuni ilisema hivi: kosa moja likipatikana ndani ya kitabu cha Mungu, kitabu chote si cha Mungu. Pande hizo mbili ziliibishania Biblia mpaka jua likazama, lakini sikuwahi kumsikia hata mmoja akiuliza kanuni yenyewe imetoka wapi.

Miaka ya tisini mihadhara ya dini linganishi ilikuwa ikijaza viwanja. Baba mdogo alikuwa na meza ya vitambaa Mwanjelwa, nami likizo nilikaa kwake, na jioni tukishafunga biashara tulipitia kusikiliza. Mhadhiri alisimama na maiki. Pembeni yake alikaa msomaji na Biblia ya Union, ileile ya 1952 tuliyokuwa nayo nyumbani Rungwe. Mhadhiri hakusoma mwenyewe. Alitaja tu. "Msomaji! Mathayo ishirini na saba, mstari wa tano. Soma!" Msomaji akasoma jinsi Yuda alivyovitupa vile vipande vya fedha hekaluni, akaenda akajinyonga. "Simama hapohapo. Nipeleke Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, kumi na nane. Soma!" Akasoma kwamba Yuda alianguka, akapasuka katikati, matumbo yakamwagika. Mhadhiri akashusha maiki, akatutazama kwa upole kabisa. "Ndugu zangu Wakristo, naomba kuelimishwa. Huyu bwana alikufa mara ngapi?"

Watu wakacheka, na Wakristo tukacheka pia. Mhubiri mmoja wa upande wetu akaomba nafasi, akapewa. Akasema kwa sauti ya ushindi kwamba Yuda alijinyonga, kamba ikakatika, ndipo akaanguka na kupasuka. Makofi. Mhadhiri naye akapiga makofi, kisha akasema: "Msomaji, rudi Mathayo, endelea mstari wa sita." Makuhani wakazitwaa zile fedha, wakashauriana, wakanunua shamba la mfinyanzi. "Haya, Matendo tena, mwanzo wa kumi na nane." Mtu huyu alinunua shamba kwa ujira wa udhalimu. Mhadhiri akamgeukia mhubiri wetu. "Kamba imekatika, mzee wangu, nimekubali. Na hati ya shamba ina jina la nani?"

Mhubiri alijibu kitu, sikumbuki nini, na sidhani kama kuna aliyekumbuka kesho yake. Ninachokumbuka ni jinsi jibu la kwanza lilivyotupa furaha ya dakika mbili tu. Mathayo anasema shamba liliitwa Shamba la Damu kwa sababu lilinunuliwa kwa fedha ya damu. Luka katika Matendo anasema ni kwa sababu ya kifo cha Yuda mahali pale. Ukitaka kuziunganisha hizo habari mbili utahitaji kamba nyingi.

Usiku ule nilifungua kaunta buku jipya. Nilikusudia kuandika majibu, nikaishia kuandika maswali, maana ukishaanza kusoma habari moja katika vitabu viwili, kidole kimoja huku na kingine kule, huachi. Mfalme Yehoyakini alianza kutawala akiwa na miaka 18, kama 2 Wafalme 24, au miaka 8, kama isemavyo Kiebrania ya 2 Nyakati 36? Nabii Gadi alimtajia Daudi adhabu ya njaa ya miaka 7 au 3? Kwa kiwanja cha kupuria Daudi alilipa shekeli 50 za fedha au 600 za dhahabu, na aliyelipwa alikuwa Arauna au Ornani? Yeriko alikuwapo kipofu mmoja Yesu akitoka mjini, ndivyo Marko. Au wawili, ndivyo Mathayo. Au mmoja Yesu akiukaribia mji, ndivyo Luka. Wanafunzi waliotumwa waliruhusiwa fimbo kwa Marko, wakakatazwa kwa Mathayo na kwa Luka. Yesu alisulubiwa saa tatu kwa Marko. Kwa Yohana, saa sita bado yuko mbele ya Pilato. Kuhusu hilo la mwisho nilielezwa kwamba Yohana alihesabu saa kwa mtindo mwingine, kuanzia usiku wa manane. Sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza hatukuridhika. Katika Yohana hiyohiyo Yesu anaketi kisimani Samaria saa sita, amechoka na safari, na mtu wa kwetu akisoma hapo anaona jua la utosi.

Nilimpelekea lile buku mwinjilisti wa mtaa wetu, mzee aliyekuwa akilima chai na migomba na kuhubiri Jumapili bila karatasi. Alilisoma lote, taratibu, kurasa akizigeuza kwa kidole alicholowesha. Nilitegemea akasirike. Akasema, "Umefanya kazi, mwanangu. Sasa nenda Mithali ishirini na sita, wa nne na wa tano." Nikafungua. Mstari wa nne unasema usimjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake. Wa tano unasema mjibu.

"Aliyeiweka mistari hii jirani alikuwa kipofu?"

"Hapana, mwalimu."

"Alikuwa amesinzia?"

"Sidhani."

"Basi kuna watu waliyaona haya kabla yako, wakayaacha yakae."

Akanirudishia buku langu. Ukweli ni kwamba jibu lile lilinikera. Nilitaka kamba, yeye akanipa watu. Ilibidi nizeeke kidogo na kuchaguliwa katibu wa kamati ya jubilei ndipo nikaelewa alikuwa akinionyesha nini.

Usharika wetu ni wa watu wa mlimani, chini ya Rungwe, ambako mvua haitoi taarifa. Tulikuwa tunakaribia kutimiza miaka mia moja, na uongozi ukaamua tuandike kijitabu cha historia. Historia ya jumla ya huku inajulikana na imeandikwa: wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian, akiwemo Theodor Meyer, wote walifika Unyakyusa mwaka 1891. Vita vilipokuja, majeshi ya Waingereza yakaingia kutoka Nyasa mwaka 1916, wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa, na kwa miaka kadhaa Waskoti wa misheni ya Livingstonia ndio waliokuwa wakivuka kuja kuangalia makanisa, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya ishirini. Hayo hayana ubishi. Ubishi ulianza tulipouliza kanisa letu sisi, hapa kwenye mlima huu, lilianzishwa na nani.

Mzee wa kengele, ambaye ukoo wake umepiga kengele ya kanisa tangu kengele ipo, alisema lilianzishwa na babu yake. Babu alifanya kazi kwenye kituo cha misheni, akarudi nyumbani kabla ya vita na kitabu cha nyimbo, akajenga kibanda chini ya mkuyu pale ukingoni juu, akawa anawakusanya watoto. Tena babu ndiye aliyebatizwa wa kwanza katika kijiji chote. Kitabu cha nyimbo kipo. Nimekishika, kimeliwa na mende pembeni lakini chapa inasomeka.

Bibi mmoja, mkubwa kwa umri kuliko wote tuliowahoji, alimsikiliza mzee huyo kwa heshima, kisha akasema hayo yote ni ya wanaume. Kanisa lilianza mtoni. Wazungu walipochukuliwa, hapakuwa na mchungaji wala mwalimu. Alikuwapo mjane mmoja aliyeijua Sala ya Bwana na nyimbo kwa kichwa, naye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanawake wakiteka maji, akiwemo mama yake bibi. "Kibanda cha mkuyu kilikuwa kimelala," alisema. "Miaka ile ya vita na ile ya homa, nani alikuwa anasali juu kule? Watu walisali kijitoni."

Wa tatu alikuwa mwana wa mwalimu, mtu wa karatasi. Kwake usharika ulianza siku Mskoti alipokuja baada ya vita, akachagua wazee, akaruhusu ibada ya Jumapili na kuweka kitabu. Kabla ya hapo, alisema, kulikuwa na watu wanaoomba. Usharika haukuwapo. Na hesabu yake ilikuwa na faida moja: kama mzee wa kengele ndiye mkweli, jubilei ilishapita miaka kadhaa na hatukuisherehekea.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, hakutaka kusikia habari ya historia tatu. "Watatucheka Tukuyu," alisema. "Historia ya usharika ni moja. Katibu, oanisha." Kamati ikapitisha. Basi nikaoanisha kama nilivyoagizwa, na naweza kusema kazi ilikuwa safi: kabla ya vita ndugu mmoja, akisaidiana na mama mjane, alianzisha ibada chini ya mkuyu kando ya kijito, na baada ya vita kazi hiyo ikabarikiwa na misheni. Kila mmoja alikuwamo. Hakuna aliyepunguzwa.

Ikasomwa nje ya kanisa baada ya ibada, wazee wamekaa mbele kwenye mabenchi.

Mzee wa kengele ndiye aliyenyanyua fimbo kwanza. "Huo mkuyu umeshuka lini mtoni?"

Watu wakacheka.

"Mkuyu uko juu. Mimi nimeuona. Baba yangu ameuona. Kando ya kijito hapajawahi kuota mkuyu, pana matete."

Bibi akauliza huyo mama aliyesaidiana na ndugu ni nani, maana yeye hamfahamu. Mjane wa mama yake hakusaidiana na mtu. Angekuwapo mwanamume wa kusaidiana naye asingehangaika peke yake. Yule mwana wa mwalimu naye akasema neno "ikabarikiwa" linamdhulumu Mskoti, kana kwamba alikuja kunyunyiza maji tu kwenye kitu kilichokwisha kamilika. Tulikuwa tumechukua habari tatu, kila moja na mwenyewe, tukatengeneza moja isiyo ya mtu. Na ilikuwa na kosa la ardhi ambalo hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyelisema: mti uliohama.

Nilipokuwa nikitembea kuteremka nyumbani siku ile nilianza kuona kitu ambacho Yuda na kamba yake hawakunionyesha. Wazee wale hawakuwa wakijibu swali moja. Mmoja alikuwa akieleza nani aliileta habari, mwingine nani aliishika isife, mwingine nani aliipa mamlaka. Sisi kamati ndio tuliowapa neno moja, "kuanzishwa", tukadhani tumewauliza kitu kimoja. Nikafungua Injili zangu na buku la zamani (mke wangu alikuwa amelitumia upande wa nyuma kuandika madeni ya kikoba) nikatazama jinsi kila moja inavyoanza. Marko anaanzia mto Yordani, kwa Yohana Mbatizaji. Mathayo anaanzia kwa Abrahamu. Luka anaanzia kwa kuhani mzee hekaluni, na akifika kwenye nasaba hasimami kwa Abrahamu, anapanda hadi Adamu. Yohana anaanzia kabla hakijaumbwa kitu. Nasaba mbili za Yusufu, ambazo hazikubaliani hata juu ya jina la baba yake, Yakobo kwa Mathayo na Eli kwa Luka, zilikuwa zimejaza kurasa mbili za buku langu, na sikuwa nimejiuliza kila mmoja alikuwa anamfikisha Yesu kwa nani. Mathayo anahesabu vizazi kumi na vinne mara tatu, na ili hesabu ikae anawaruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia, wafalme ambao msomaji yeyote wa Agano la Kale anawafahamu. Huyo hafichi. Anapanga.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba kazi niliyoagizwa na mwenyekiti ilishafanywa, tena kwa ustadi kuliko wangu, karibu mwaka 170. Tatian, mtu wa mashariki aliyesoma Roma, alizichukua Injili nne akazisuka kuwa moja, Diatessaron. Nasaba zote mbili akaziacha nje. Makanisa ya lugha ya Kisiria yakaitumia ibadani kwa vizazi vingi, na nadhani waumini waliipenda, maana ni rahisi kuisikiliza. Katika karne ya tano askofu Theodoret wa Cyrrhus alikusanya nakala zake zaidi ya 200 katika makanisa ya eneo lake, akaziondoa, akaweka Injili nne mahali pake. Tusimpambe kupita kiasi: alimhesabu Tatian kuwa mzushi, na hiyo ni sehemu ya sababu. Hata hivyo kanisa lilikuwa na Injili moja isiyojipinga, iko mkononi, imezoeleka, likachagua nne zinazopingana. Mhadhiri wetu wa Mwanjelwa alikuwa na uwanja wa kuuliza kwa sababu kuna watu waliokataa kumnyima.

Wala hawakuwa wajinga wa tofauti zenyewe. Askofu Augustine, karibu mwaka 400, aliandika kazi nzima akihangaika kuzipatanisha Injili, mstari kwa mstari. Kabla yake Papias, askofu wa karne ya pili ambaye maneno yake yamehifadhiwa na mwanahistoria wa kanisa Eusebius, alishasema kwamba Marko aliandika kwa usahihi aliyoyakumbuka, ila si kwa mpangilio. Vijana siku hizi wanapata orodha ya "makosa ya Biblia" kwenye simu na kudhani kuna siri imefichuliwa.

Nasema vijana, nikimfikiria mmoja. Mpwa wangu alikwenda chuo Iringa akiwa mtu wa mikesha, akaingia kwenye kikundi cha maombi ambako ile kanuni yangu ya ujana ilikuwa bado hai: kosa moja, kitabu chote chini. Aliiamini kwa moyo. Kisha akakutana na Yehoyakini. Hakukutana na Darwin wala mwanafalsafa. Mvulana wa miaka 8 au 18 ndiye aliyemtoa kanisani, kwa kuwa alikuwa ameambiwa nyumba nzima imejengwa juu ya kila msumari. Viongozi wa kikundi walimwambia ana roho ya ubishi. Alirudi likizo, akawa anakaa sebuleni wakati wenzake wanakwenda ibadani, akinichapia historia ya usharika kwenye kompyuta yake kwa sababu mimi naandika kwa vidole viwili.

Ilikuwa bahati nzuri, maana yeye ndiye aliyeona kilichomo kwenye kitabu cha ubatizo. Tulikuwa tumekipata kabatini ofisini, kikubwa, jalada gumu, wilaya imeandikwa Neu-Langenburg kama Wajerumani walivyoita Tukuyu yao. Namba moja hakuwa babu wa mzee wa kengele. Alikuwa kijana wa ukoo mwingine kabisa. Babu alikuwa namba kumi na moja. Mwenyekiti akafurahi: karatasi imesema, ubishi umekwisha. Mpwa wangu akageuza kurasa mbele na nyuma. "Mjomba, tazama mwandiko." Kurasa zote za mwanzo, zenye tarehe za kabla ya vita na za baada yake, zilikuwa na mwandiko mmoja na wino mmoja. Ni nakala. Mtu fulani baadaye aliketi akanakili kutoka kwenye kitabu cha awali ambacho hatunacho. Na katika mstari mmoja alikuwa ameandika mtoto aliyezaliwa baada ya kubatizwa.

Mzee wa kengele alipoelezwa alisimama kabisa. "Si mmeona! Aliyenakili alikosea!" Hapo nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye, na sikubaliani naye mpaka leo. Anayenakili anaruka tarakimu, anachanganya mwaka. Yehoyakini wa miaka 8 ni mtu wa aina hiyo, neno moja limedondoka kwenye kalamu ya mtu, na nikishajua hivyo sina haja ya kumtetea wala kumlilia. Kumshusha babu kutoka wa kwanza hadi wa kumi na moja si kuteleza kwa kalamu. Nafikiri ukoo umemkuza babu, kama koo zinavyofanya. Kitabu cha nyimbo kingali pale pale, na kibanda kilikuwapo. Wenye umri wanakubaliana, hata bibi, aliyekiri kwamba kilikuwa "kimelala", na kitu hakilali kama hakijawahi kuamka.

Mpwa wangu alinisikiliza nikieleza haya yote kwa shauku, halafu akanipa swali ambalo wahubiri wa kamba hawalipendi.

"Mjomba, wazee wako walikuwa wanakumbuka. Kila mtu alisimulia walichoona watu wa kwao, mahali pao. Sawa. Lakini aliyeandika Nyakati alikuwa na Samweli mezani. Alisoma, akabadilisha. Huyo naye ni shahidi?"

Anayesema tofauti za Biblia ni kama za mashahidi wa ajali barabarani, kila mmoja na upande wake, anajibu nusu ya swali. Inafaa kwa wanawake wa kaburini: Mathayo ana Mariamu wawili, Marko anaongeza Salome, Luka anamtaja Yoana, Yohana anamwonyesha Magdalene peke yake, ingawa kinywani mwake anasema "hatujui", kwa wingi. Haifai kwa habari ya Daudi kuwahesabu watu. Katika 2 Samweli 24 hasira ya Bwana ndiyo inayomchochea Daudi ahesabu, halafu Bwana anampiga kwa kuhesabu. Katika 1 Nyakati 21, habari ileile, aliyemchochea ni Shetani. Idadi nazo zimebadilika, Israeli 800,000 kwa huyu na 1,100,000 kwa yule, ila hizo ningeziacha zipite. Hili la kwanza halipiti. Hapa hakuna kalamu iliyoteleza. Mtu alisoma sentensi ya wazee wake juu ya Mungu, akaona hawezi kuiandika vile, akaandika nyingine.

Nilimwambia mpwa wangu ninavyoona, na ndivyo ninavyoona hata sasa: aliyeandika Nyakati alikuwa anabishana. Hakuwa na uwezo wa kukusanya Samweli zote na kuzichoma, na sioni dalili kwamba alitaka. Wasomaji wake walikuwa nayo. Ubishi ule, kama Mungu anaweza kumsukuma mtu kwenye kosa kisha amwadhibu, haujaisha hata leo. Nenda msibani ukasikilize watu wakimzungumzia Mungu nyuma ya nyumba. Wakusanyaji waliviweka vitabu vyote viwili kwenye mkusanyo mmoja. Sasa ukiniuliza kama tofauti hiyo inaonyesha Biblia haikushuka neno kwa neno kutoka juu, nitakujibu ndiyo, inaonyesha. Lakini waliosema imeshuka hivyo ni wale wa kanuni. Paulo akimwandikia Timotheo anasema kila andiko lenye pumzi ya Mungu lafaa kwa mafundisho, kwa kuonya, kwa kuongoza. Hakutaja sensa.

"Kwa hiyo hakuna kinachoweza kuiangusha?" akauliza. "Kila kitu ukisema ni ubishi wa wazee, haianguki kamwe. Hapo umeniuzia kamba nyingine, ndefu zaidi."

Nilipenda hilo. Nikamwambia kipo. Paulo mwenyewe alikitaja kwa Wakorintho: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure. Hapo hakuna kupanga vizazi. Na hapo Injili nne, pamoja na malaika wao wasiolingana, zinasema siku ya kwanza ya juma Mariamu Magdalene alikwenda na kaburi lilikuwa wazi. Hilo halithibitishi ufufuo. Watu wanne wanaweza kukubaliana kwamba kaburi lilikuwa tupu na wote wasijue mwili ulikwenda wapi. Lakini kama nitaamini au nitakataa, nitafanya hivyo pale, kwenye kaburi. Kwa umri wa Yehoyakini sitafanya hivyo.

Hakurudi ibadani Jumapili ile, wala iliyofuata. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, muuza mchele wa Kyela, niliyemsimulia, alinicheka kidogo akasema kwao nako kuna elimu nzima ya nasikhi na mansukhi, aya ipi hukumu yake imeondolewa na ipi, na masheikh wameisomea maisha yao yote bila kuhitaji uwanja wala spika. Alisema mihadhara ile ya zamani naye aliisikiliza akiwa kijana, na alichojifunza ni kupenda kushinda.

Kamati ilikaa tena. Mwenyekiti alipinga hadi mwisho, na hoja yake ya mwisho ilikuwa gharama: habari tatu zina kurasa nyingi kuliko moja, na mchapaji anatoza kwa kurasa. Wazee wakasema watachanga. Tukaandika habari tatu, kila moja na jina la msimulizi wake, na baada yake ukurasa wa kwanza wa kitabu cha ubatizo, na maelezo ya mpwa wangu kwamba ni nakala ya mwandiko mmoja. Mabishano makubwa yalikuwa nani atangulie. Bibi akatangulia kwa umri. Mwana wa mwalimu alikubali kuwa wa mwisho, akisema kwa utulivu kwamba Mskoti naye alikuja mwisho.

Siku ya kupeleka kazi Tukuyu, mzee wa kengele alikuja nyumbani asubuhi na mapema, akaomba asomewe. Mpwa wangu akamsomea kwenye kompyuta. Tulipofika kwenye namba kumi na moja akanyoosha mkono.

"Hiyo itachapwa?"

"Itachapwa, baba."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndivyo kitabu kilivyo, baba. Na tumeeleza kwamba ni nakala."

Alikaa akifikiri, fimbo katikati ya magoti. "Basi mniandikie chini yake: mzee anakataa."

Mpwa wangu akanitazama. Nikamwambia aandike. Ukifungua kijitabu chetu utalikuta, kwa herufi za mlalo, chini kabisa ya ukurasa: Mzee anakataa.